Ulisahau Tochi, Marit

Jumatatu, 1 Juni

Shule imekwisha. Jana nilivaa lile joho la buluu, nikavuka jukwaa, nikapokea cheti kwa mkono wa kushoto badala ya kulia, watu wakapiga makofi, basi. Nilidhani nitaamka mtu mwingine. Wapi!

Nimehamia kwa Babu Arvid, huku juu kilimani, mpaka Septemba. Mama ndiye aliyepanga. Anasema nikamsaidie babu bustani. Najua nimetumwa kumchunguza. Tangu Bibi Inga azikwe mwezi wa pili, Mama hana wimbo mwingine: ngazi ni kali, barafu ikija ni balaa, babu yuko peke yake, kule mjini Viroqua kuna vyumba vizuri vya wazee na muuguzi yupo mchana na usiku. Garini akaniambia, kosa moja tu, Marit. Jiko, gari, chochote. Akikosea mara moja namhamisha.

Sikumjibu. Mimi huwa sijibu.

Baada ya chakula Babu akaweka kifurushi cha kitambaa mezani. Bastola ya Bibi! Ile ya silinda, ya risasi sita, mpini wa mbao umelika pale kidole gumba chake kilipokuwa kinakaa. Miaka yote alishindana nayo kwenye klabu ya kulenga shabaha. Kabati la sebuleni limejaa vikombe vyake.

"Mkono wako ni mkono wake," Babu akasema. "Jumamosi ya wiki ijayo kuna mashindano. Utasimama pale alipokuwa akisimama."

Mimi! Darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kuandika kwenye kikaratasi!

Nikasema ndiyo. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile sijaliona tangu mazishi.

Alhamisi, 4 Juni

Mazoezi na Bi Darlene. Yeye na Bibi walikuwa pacha wa klabu — miaka ishirini wakishindana wao kwa wao na kucheka. Alifanya kazi kiwanda cha jibini mpaka viungo vya vidole vikavimba, lakini akishika bastola vidole vinanyooka, sijui vipi. Kitu asichoweza ni kujaza risasi zake mwenyewe, yaani kuyatia baruti upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Mkono wa mashine unamuumiza. Babu ndiye anamjazia.

Leo sikupiga hata moja. Bastola tupu, imekaguliwa na wote wawili, halafu sarafu juu ya ncha ya mtutu. Kazi yangu: kuvuta kifyatulio polepole, nyundo ya bastola irudi nyuma, ianguke, na sarafu isidondoke. Ilidondoka. Ikadondoka tena. Bi Darlene alikaa kwenye kiti cha kukunja anakula jibini mbichi kutoka mfukoni, ile inayolia menoni, na kila sarafu ikianguka anasema, "Endelea, mtoto, ng'ombe hawajarudi bado."

Mwishoni ikakaa. Mara mbili mfululizo! Akanikumbatia. Ananukia sabuni na baruti, kama Bibi.

Ushauri wake kwa siku ya mashindano: usisimame. Ukikosa, endelea. Ukipitiwa, endelea. Wageni wote wanaharibu kwa kusimama kuwaza.

Jumapili, 7 Juni

Baada ya kanisa Babu akanipeleka chumba cha chini, kwenye mashine yake. Nilipokuwa mdogo nilikatazwa hata kushuka ngazi zile.

Kazi ni hii. Ganda lililokwisha kupigwa linasafishwa. Linatiwa fataki mpya kitakoni, kile kidude cha kuwashia baruti. Yanapangwa hamsini kwenye ubao wenye matundu. Kila ganda linamwagiwa baruti — kidogo mno, haifiki hata robo! Halafu tochi. Halafu ndipo kichwa cha risasi kinashindiliwa juu.

Tochi ndiyo dini ya nyumba hii. Unapitisha mwanga juu ya ganda moja moja, unatazama ndani. Ukiona unga wa kijivu, sawa. Ukiona weusi mtupu, ganda hilo halina baruti, na fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu tu, kikakwama pale. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unakupasukia, basi tena. "Ukisikia pumzi badala ya mlio," Babu akasema, "kidole nje ya kifyatulio. Hata kama dunia nzima inakushangilia."

Nikamuuliza kama yeye na Bibi walikuwa wanabadilishana. Hapana, akasema. Yeye alimwaga, Bibi alishika tochi. Kila majira ya baridi, miaka yote hiyo. Majira haya amemaliza mwenyewe.

Kisha akanionyesha. Akamwaga ubao mzima, akachukua tochi, akaipitisha safu kwa safu huku anaimba puani. "Sawa. Sawa. Sawa."

Tochi ilikuwa haijawaka.

Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke. Hakucheka. Akaanza kushindilia vichwa.

Ningesema! Maneno yalikuwa mdomoni kabisa — Babu, betri. Lakini alikuwa anaimba, na nikaona haya, mgeni wa siku moja kumsahihisha fundi. Sanduku langu nikalijaza mwenyewe, nikamulika kwa simu. Lake halikumulikwa.

Jumatatu, 8 Juni

Nimebadilisha betri za tochi alipokuwa nje akimwagilia nyanya. Sikumwambia. Zilikuwa zimekwisha kabisa, hata kutu imeanza. Basi hiyo ndiyo sababu. Betri tu.

Jumamosi, 13 Juni

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi Babu akachagua sanduku mwenyewe. Langu akasema liache kabatini, sanduku la kwanza la mwanafunzi halipigwi mashindanoni, hiyo ni desturi. Chukua za majira ya baridi. Nikachukua. Nikakumbuka tochi isiyowaka. Nikachukua hata hivyo.

Niliendesha mimi. Siku hizi Babu hataki usukani, anasema anapenda kutazama mahindi.

Klabuni watu wengi kuliko nilivyoomba. Mama naye alikuja, akasimama kwenye uzio, mikono mfukoni. Sisi wa silinda tulikuwa wachache. Vijana wana bastola za kisasa za risasi kumi na saba, na mmoja akamwambia Bi Darlene, "Sita tu, bibi? Mimi sita zinaisha kabla sijaamka."

"Najua, mwanangu," akasema. "Unahitaji kumi na saba kwa sababu kumi na moja zinaenda kwenye mahindi ya jirani."

Wakacheka wote, hata kijana. Nikacheka na mimi. Huo ulikuwa wakati mzuri wa mwisho.

Zamu yangu. Sahani tano za chuma mbele ya tuta, ya mwisho imepakwa rangi nyekundu. Ukiigonga hiyo, saa inasimama. Bwana Rollie, mkuu wa mashindano, nyuma ya bega langu na saa yake ya mlio. Jaza. Uko tayari? Subiri...

Ya kwanza — kengele! Ya pili — kengele! Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo, na ni mimi nimekipiga. Ya tatu: puf. Kama mtu aliyefungua chupa ya soda chumba cha pili. Sahani haikulia. Nikadhani nimekosa. Ukikosa, endelea. Nikasikia Bwana Rollie anapaza sauti nyuma yangu, na kidole changu kilikuwa kimeshavuta.

Mlio mzito, mbaya. Bastola ikaniruka mkononi. 

Hakuna aliyeumia. Hilo naliandika kwanza. Lakini mtutu wa bastola ya Bibi umevimba katikati kama nyoka aliyemeza yai. Vichwa viwili vimebanana mle ndani.

Bwana Rollie aliitazama, akaishusha mezani taratibu, akauliza bila ukali — risasi hizi kajaza nani? Ni lazima aulize. Klabuni kwetu, risasi moja ikikosa baruti, kila alichokijaza mtu huyo kinavunjwa, hata kilicho mikononi mwa wengine, na mtu mwenyewe anasimamishwa kujazia watu.

Babu alikuwa mweupe kama ukuta. Alifungua mdomo. Mama alikuwa ameshamgeukia. Hakunitazama mimi, wala bastola. Alimtazama yeye moja kwa moja, kama mtu aliyekuwa anangoja basi na limefika.

"Mimi," nikasema.

Sijawahi kusema neno kwa sauti kubwa hivyo mbele za watu. Na lilikuwa uongo.

"Nilichukua sanduku langu. Nilijaza mwenyewe."

Babu akafunga mdomo. Akaja, akaniwekea mkono kichwani. Niliona damu inamrudi usoni. Halafu kwa upole, upole mno:

"Ulisahau tochi, Marit."

Jumapili, 14 Juni

Sikwenda kanisani. Mama amepiga simu. Una hakika lilikuwa sanduku lako? Nina hakika. Kisha nikasikia bomba la maji linafunguliwa. Nadhani alikuwa analia, au alikuwa anapiga mswaki.

Sanduku langu liko kabatini. Sijaligusa.

Jumatano, 17 Juni

Klabuni kuna nyundo ya plastiki, ina tundu kichwani. Imetundikwa msumarini karibu na birika la kahawa. Wanaiita nyundo ya toba. Unatia risasi tunduni, unaigonga kwenye gogo, kichwa na baruti vinachomoka. Aliyeharibu anakaa kwenye benchi la nje na kuvunja vyote alivyojaza, na kila anayepita ana haki ya kumtania.

Nimekaa leo. Kwa kuwa eti ni sanduku langu moja tu, nilikuwa na mabaki yake tu ya kuvunja. Risasi za Bi Darlene, zile alizojaza Babu, haziguswi. Hilo nimelielewa pale benchini. Kosa langu la uongo ni dogo, limetoshea kwenye sanduku moja.

Bwana Rollie alipita, akasema hata yeye amekaa hapo, mwaka aliooa, akili ilikuwa kwingine. Yule kijana wa bastola ya risasi kumi na saba akaniletea soseji ndani ya mkate. "Karibu chamani," akasema. Wamekuwa wema. Heri wangenitukana!

Karibu na mwisho nikagonga moja, kichwa kikaanguka, nikangoja baruti. Hakuna. Punje moja haikutoka.

Nyingine! Sanduku lile lile!

Nilitazama huku na huku. Nikamwaga kidogo baruti ya risasi ya jirani yake kwenye kopo la baruti, wasione kwamba ilikuwa tupu. 

Ijumaa, 19 Juni

Samaki wa Ijumaa kule hotelini, desturi ya watu wote wa huku. Babu alikuwa na furaha! Alisimulia kuhusu mimi kwa kila meza, jinsi nilivyokiri mbele ya watu wote bila kuulizwa mara mbili. "Huyo ni Inga mtupu," anasema. Muuza kinywaji akanipa soda ya bure kwa uaminifu wangu.

Samaki wangu nimemwacha sahanini.

Jumanne, 23 Juni

Nilikuwa na mpango. Nikasema, Babu, niruhusu tushuke pamoja. Wewe umwage, mimi nishike tochi, kama Bibi. Nilikuwa nimejizoeza maneno hayo tangu juzi.

Akafikiri. Akaweka kikombe chini. Anavyomimina kahawa siku hizi, anatia kidole ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Nilidhani ni mazoea ya uzee.

"Bado, mjukuu wangu," akasema. "Usinielewe vibaya. Lakini mtu aliyesahau tochi mara moja, simrudishi kwenye mashine mwaka huo huo. Baba yangu alinifanyia hivyo mimi. Risasi zile anapiga Darlene. Siwezi kubahatisha na mkono wa Darlene."

Akashuka peke yake. Mlango akaufunga nyuma yake.

Nilikaa kwenye ngazi ya juu nikisikia mkono wa mashine unapanda na kushuka. Mlango nimeufunga mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ningesema ukweli siku ile, pengine leo ningekuwa nimeketi pembeni yake, na yeye akinichukia kidogo. Heri angenichukia!

Alhamisi, 25 Juni

Nimejaribu kuzipima risasi za Babu kwa mzani. Haiwezekani. Baruti ni nyepesi kiasi kwamba ganda na ganda zinapishana uzito kuliko baruti yenyewe. Mzani haujui tupu ni ipi. Nimezitikisa sikioni. Nasikia moyo wangu tu.

Wakati wa usingizi wake wa mchana nimeiba sanduku moja, nikaenda nalo bandani, nikalivunja lote kwa nyundo niliyoazima klabuni. Zote zilikuwa na baruti. Zote! Labda ni sanduku lile tu. Labda ni betri kweli, na sasa betri ni mpya.

Nimelala vizuri.

Alhamisi, 2 Julai

Bi Darlene alikuja kuchukua masanduku yake ya mwezi huu. Nikamsindikiza mpaka garini. Nikaanza, Bi Darlene, hizo risasi...

Akaniwahi. Akanishika shavu kwa vile vidole vyake vya mafundo. "Usijitese na lile jambo, mtoto. Kila mtu anakosea."

Si hilo, nikasema. Ni hizi za Babu. Kama... kama na yeye...

Akacheka mpaka akaegemea gari. Za Arvid? Akasema yeye anaziamini kuliko breki za gari lake! Wakati wa Bibi yeye alikuwa anazipiga akiwa amefumba macho.

Wakati wa Bibi. Nikasema moyoni: sasa mwambie nani alikuwa anashika tochi. Sikusema. Aliondoka akinipigia honi.

Ingekuwa mimi ndiye nimekufa na Bibi yupo, angekuwa ameshasema.

Jumapili, 5 Julai

Mlango wa chini ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nikashuka ngazi tatu, nikachutama.

Tochi inawaka. Betri ni nzima. Alikuwa ameinama juu ya ubao, anaimba, "Sawa. Sawa. Sawa," na mwanga wote ulikuwa unaangukia meza, pembeni kabisa, juu ya mkebe wa vichwa. Ubao ulikuwa gizani.

Haoni.

Si kwamba hatazami. Hajui kwamba haoni. Au anajua, na ndiyo maana anaimba.

Nimerudi juu kwa magoti.

Jumatano, 8 Julai

Nikimwambia Mama, nyumba imekwenda. Nikimwambia Babu, anajua nilidanganya, na anajua kwa nini nilidanganya, jambo ambalo ni baya zaidi. Nikinyamaza, ni mkono wa Bi Darlene. Au jicho.

Nilitaka kumpa siku chache za furaha. Amezipata. Nimeona kila moja.

Jumamosi, 11 Julai

Naandika ndani ya pikapu, kwenye goti, mwandiko mbaya. Niko klabuni, kwenye mashindano ya mwezi huu. Milango nimeifunga kwa ndani.

Sanduku la Bi Darlene liko mapajani mwangu.

Alikuwa ameliweka mezani, anajifunga mkanda, anamtania yule kijana, na Bwana Rollie akasoma jina lake. Darlene, jiandae. Akanyoosha mkono kuchukua risasi. Nikafika kabla yake. Nikalikumbatia sanduku, nikakimbia nalo mpaka hapa kama mwizi wa kuku. Watu wote wameona. Bi Darlene aliita, "Marit! Wewe! Ndiyo njia mpya ya kunishinda hiyo?" Wengine wakacheka, halafu wakaacha.

Sasa wamesimama tu. Bwana Rollie ameweka saa mfukoni. Mama yuko kwenye jiko la soseji, ameshika koleo, hageuzi. Babu amewanyooshea mkono, kama kusema, niachieni mimi. Nimemsikia kabisa: ni aibu ya siku ile, bado imemshika, nitazungumza naye.

Anakuja. Anatembea katikati ya magari akigusa ubavu wa kila moja. Kofia ya Jumapili. Nitafungua mlango akifika. Nitamwambia. Neno la kwanza ninalo: Babu, tochi.

Amefika. Nimeshika kitasa.

Amepita.

Amepita mbele ya kioo changu, karibu kiasi kwamba nimeona alipojikata wakati wa kunyoa. Amesimama kwenye gari linalofuata, la Bwana Rollie. La buluu. Letu ni la kijani. Anagonga kioo kwa kidole.

"Marit," anasema. "Fungua, mjukuu wangu. Hakuna aliyekukasirikia. Ulisahau tochi mara moja tu."

Ndani ya gari lile hamna mtu. Anainama, anaweka mkono juu ya macho, anatabasamu na kiti kitupu.

Hakuna anayecheka. Bi Darlene amevua miwani yake. Mama ameweka koleo chini.

Anagonga tena. Anangoja nijibu.